Mugongo wa Blanketi ya Kavira

Watu wengi wa Majengo wanamusifu. Wanasema mikono yake ilikuwa ya baraka, wanasema alilea mabinti za watu mpaka wakawa wanawake. Mimi simupendi. Naanza na hilo ili mutu asinisome akifikiri mwishoni nitalia.

Tulimwita Mama Monitrisi, maana alikuwa monitrisi, mwalimu wa kushona, kwenye chumba kile kirefu nyuma ya parokia. Jina lingine alikuwa nalo bila shaka, lakini sikumusikia mutu akilitumia, hata padri. Alikuwa mwembamba, mukavu, na metri ya kupimia ilimuning'inia shingoni pale wengine wanapovaa rozari. Rozari yake aliiweka mufukoni.

"Rozari haipimi kitu," alisema. Mungu amusamehe kwa hilo. Kwa mengine, yeye na Mungu watajuana.

Chumba kilikuwa na mashini tisa za miguu, meza moja kubwa ya kukatia, na feri mbili za makala za kunyoosha nguo. Kila asubuhi mabinti walipangusa meza na kitambaa kibichi, mara mbili, kabla ya makasi kuguswa. Vumbi la Goma ni jeusi, linatoka kwenye mawe ya volkano, na likiingia kwenye nguo nyeupe halitoki tena. Alikuwa anapitisha kidole juu ya meza. Kidole kikirudi na weusi, hakuna aliyeshona siku ile. Walikaa wakiangaliana mpaka saa sita.

Aliwafundisha uniformi, magauni ya komunyo, suruali za wanaume. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye blanketi za vipande. Kila fundi wa hapa muji anakata vikwembe, vitenge vya watu, na anabakiza vipande vidogo, na vinatupwa. Yeye alivipitia na mufuko wake, duka kwa duka, sawa mutu anayeokota kuni. Juu ya blanketi unaunganisha vile vipande mpaka vinakuwa sawa na bustani. Ndani unatia majaketi ya caguwa, mitumba ya sokoni, yaliyofunguliwa na kulazwa. Na chini kuna mugongo.

Mugongo ndio ulikuwa wazimu wake.

Binti analeta blanketi, amefanya kazi miezi mitatu, juu inang'aa, nyota na maua. Yeye haangalii. Anasema neno moja: "Geuza."

Ukigeuza ndipo anavaa miwani.

Nitaeleza, maana wanaume hawajui na mabinti wa siku hizi wananunua blanketi zilizofungwa kwenye plastiki. Kikwembe kimoja hakifikii upana wa kitanda. Lazima uunganishe. Muvivu anachukua viwili, anavishona ubavu kwa ubavu, mushono unapita katikati, kazi imekwisha. Monitrisi alikuwa anaupasua mushono ule mbele ya wote, na mukono wake, kraaa.

"Mushono wa katikati unabeba kila kitu," alisema. "Kila asubuhi unakunja blanketi pale pale. Weye ungependa wakukunje pale pale kila siku?"

"Hapana, Mama Monitrisi."

"Na mugongo wa blanketi nao hapana."

Kwa hiyo kikwembe kimoja kizima kinakaa katikati. Kingine unakikata urefu, nusu inaenda kuume, nusu inaenda kushoto. Mugongo wote uzidi uso kwa kiganja kimoja kila upande. Na kabla ya yote hayo unafua. Kikwembe kipya kina koli, ile gundi ya dukani inayokifanya kisimame chenyewe. Usipoitoa, siku kitakapofuliwa kitajikunja peke yake, na kitavuta kila kilichofungwa nacho.

Siku moja alikuja mama mumoja na gari, muke wa mufanyabiashara, pete kila kidole. Alitaka blanketi ya vipande kwa kitanda chake, haraka, na kwa mugongo alisema watie chochote.

"Mama Monitrisi, nani ataona chini?"

Monitrisi hakuinua uso kutoka kwenye sindano. "Mama, bwana yako analala juu ya blanketi?"

"Hapana. Chini yake."

"Basi umejibu."

Chumba chote kilianguka kwa kicheko. Yule mama naye alicheka, akakaa, akachagua mugongo mpaka saa tisa.

Mimi na yeye tulikaa pamoja mara nyingi, juu ya ukuta mufupi wa mawe mbele ya parokia, saa ya mchana. Mimi nauza mboga, poro na shu zinazotoka Kibumba, na njia yangu ilipita pale. Yeye alitoka upande wa Bukavu, mimi natoka Butembo, na tulichokozana juu ya hayo.

"Nyinyi watu wa Butembo," alisema, "mukipewa kitambaa munakata karibu karibu na kipimo, ili kibaki cha kuuza."

"Na nyinyi wa Bukavu munavaa vizuri mpaka nyama hamujui tena inauzwa wapi."

"Angalau tunazikwa tukipendeza."

Hiyo ilikuwa furaha yake. Nyingine sikuiona. Lakini sketi yake yeye mwenyewe, pindo lake lilishikwa na pini tatu, mwaka baada ya mwaka. Mwalimu wa kushona, pini! Nilimuambia. Alijibu kwamba mwenye kuangalia pindo lake hana kazi.

Aliwapiga mabinti vidoleni na rula ya mbao. Mutu yeyote asinidanganye kwamba hakuwapiga. Mwaka mulima ulipomwaga moto mpaka ndani ya muji, aliondoa vichwa vya mashini zote tisa, akavipanga juu ya chukudu, kigari cha mbao, akasukuma yeye na walinzi wawili wa parokia. Kitanda chake kiliungua, matela ya kulalia, sufuria, picha ya mama yake, vyote. Alirudi na mashini tisa na hana hata kijiko. Majengo wanasimulia hayo wakifuta macho. Mimi naona tu kwamba alipenda chuma kuliko picha ya mama yake.

Lakini kulikuwa na binti mumoja aliyezaa akiwa mwaka wa pili, bila baba wa mutoto kuonekana. Miezi miwili sahani ya sombe na fufu ilimufikia kila siku, imefunikwa, na aliyeibeba ni Monitrisi mwenyewe, akipita nyuma ya nyumba ili asionekane. Mimi nilimuona. Naliandika kwa sababu sitaki kudanganya tena.

Na hakusifu. Miaka yote ile, kazi ikiwa nzuri kupita zote, alivua miwani na kusema: "Haitapasuka." Basi. Niliona mabinti wakubwa, wenye maziwa kifuani, wakitoka nje kulia kwa sababu wameambiwa haitapasuka.

Sasa nifike kwenye yangu.

Binti yangu Masika alikufa, akaniachia Kavira, aliyekuwa na miaka kumi na moja. Aliacha pia mashini moja ya kushona, na kikwembe kizima ambacho hakijavaliwa hata mara moja, rangi ya maji ya ziwa, majani ya njano. Alikuwa amekinunua kwa ajili ya komunyo ya Kavira. Hakufika kwenye hiyo komunyo.

Kwetu, matanga yakiisha, nguo za marehemu zinafuliwa na kugawanywa kati ya dada zake. Zikifuliwa, mutu amekwenda kweli. Niligawanya zote. Kile kimoja nilikificha chini ya matela yangu, na shemeji zake walipouliza niliwaambia alikiuza mwenyewe.

Kavira alikuwa na mikono. Nasema mimi koko yake, mama wa mama yake, na mutu anaweza kusema ni kiburi, na ni kiburi. Akiwa na miaka kumi na mbili alinishonea blauzi bila kunipima, kwa kuniangalia tu nikipika. Nilimupeleka kwa Monitrisi nikiwa nimeinua kichwa. Na mwaka wa mwisho, kila binti alipotakiwa kushona blanketi ili apate breve, karatasi ya ufundi wake yenye kashe, muhuri wa Monitrisi, nilitoa kile kikwembe chini ya matela.

Wazo lilikuwa langu. Kikwembe cha mama yake kikae katikati ya mugongo, kimuguse akilala. Ubavuni huku na huku nusu mbili za kikwembe changu kizee, kile nilichomubebea Masika mugongoni, kisha nikamubebea Kavira, laini sawa na sikio la mutoto. Watatu kwenye kitanda kimoja. Nilijiona mwenye akili.

Monitrisi alivishika vyote viwili, kimoja mukono huu, kingine mukono ule.

"Hiki kipya na hiki kimechoka," alisema. "Kipya ufue mara tatu, maji ya moto. Kisipofuliwa kitakula hiki kingine."

"Nitafua mwenyewe."

"Mama Masika. Mara tatu."

"Nimesikia! Mimi si binti wa darasa lako."

Nilirudi, nikamutuma Kavira ziwani kwa maji, nikachemsha, nikamwaga kwenye beseni. Nikafunua kikwembe. Kilinuka duka, na pale kilipokunjwa kilinuka kidogo mafuta yake ya nywele. Nilikaa na kile kikwembe usoni mpaka maji yakapoa.

Hiyo ni sababu moja, na ningependa iwe peke yake. Kuna nyingine. Nilitaka king'ae. Siku ya breve wamama wote wa Majengo wangekuwapo, na waxi, kikwembe cha bei kama kile, ikifuliwa mara tatu haing'ai. Nilitaka waone kwamba binti yangu hakufa masikini.

Nililowesha ukingo tu, kiganja kimoja kuzunguka. Nikapaka sabuni ili kinuke sabuni. Nikakianika juu ya mawe.

"Koko, umefua?" Kavira aliuliza.

"Nimefua."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Alikikunja mukononi. "Mbona kiko ngumu?"

"Ni waxi ya kweli, mwanangu. Ya kweli haichoki haraka."

Aliniamini. Nani asiyemuamini koko yake?

Siku ya breve Monitrisi alikuwa na desturi yake. Mbele ya wazazi wote, kila blanketi ilizamishwa kwenye beseni kubwa la maji ya moto, ikakamuliwa na watu wawili, ikalazwa juu ya ukuta wa mawe, mugongo juu, jua liiangalie. Sisi tunakula, tunaimba, tunangoja. Zikikauka anapita.

Niliiona kabla yake. Katikati ilikuwa imejikunja sawa na ngozi ya maharagi yaliyochemka. Ilikuwa imevuta pande zote mbili, na upande wa kushoto kikwembe changu kizee kilikuwa kimefunguka, tundu refu, kiganja na nusu.

Monitrisi alifika.

"Kavira. Nani alifua hii ya katikati?"

"Koko yangu."

"Mara ngapi?"

"Mara tatu, Mama Monitrisi."

Aliinua macho, na macho ya wengine wote yakafuata yake mpaka kwangu.

"Mama Masika?"

Hapo ndipo. Neno moja lilikuwa linatosha. Nilikuwa nimevaa kilemba kipya, na jirani zangu wote walikuwa wamekaa kushoto na kuume.

"Nilifua," nilisema. "Pengine mutoto alivuta uzi sana."

Kavira aliniangalia, kisha akaangalia vidole vyake. Sikuona tena uso wake siku ile. Monitrisi alisimama akinitazama muda mrefu, metri ikining'inia, na mimi nilimutazama pia. Halafu akaandika kwenye daftari lake. "Kavira, hapana," alisema, akapita kwa anayefuata.

Mutoto alilowesha blanketi tena ili kunyoosha mikunjo, haikunyooka, akaibeba kichwani mpaka nyumbani ikiwa nzito na maji. Maji yalimutiririka usoni. Sijui ni kiasi gani kilikuwa cha beseni.

Hakushona tena. Alisema ana mikono mibaya. Mashini ya mama yake tuliisukuma kwenye kona, nikaweka sufuria juu yake. Akaanza kubeba poro pamoja nami. Na mimi, kila mahali watu wanapochota maji, nilisema Monitrisi anachukia watu wa Butembo. Nilisema miaka mine, mpaka nikaanza kuamini.

Vita vilipoingia muji, chumba kilifungwa, na mashini tisa zile hakuna anayejua zilikwenda wapi. Macho ya Monitrisi yalikuwa yameanza kufunikwa na wingu. Mutoto wa dada yake alimuchukua Munigi.

Mwaka huu, atelieri moja karibu na soko ilitafuta washonaji. Waliomba breve. Nilikuwa nyuma na kapu langu, Kavira hakuniona. Alisimama mbele ya mulango ule, akasikiliza mashini ndani, mukono mumoja ukichezesha vidole juu ya paja. Kisha akainua poro zake akaondoka.

Kesho yake nilitoa blanketi kwenye gunia, nikapanda moto, pikipiki ya kulipa, mpaka Munigi.

Alikuwa amekaa nje kwenye kiti kifupi, anapanga vifungo kwa kuvipapasa, vya matundu mawili huku, vya mane kule.

"Nani?"

Nilisogea na gunia langu.

"Mama Masika," alisema. "Unatembea sawa na mutu anayekuja kugombana."

"Nakuja kuchukua breve ya mutoto. Ulimuonea."

"Umeleta kazi yake?"

Niliiweka kwenye mapaja yake. Aligusa uso, nyota zote zile, sawa mutu anayegusa majani ya viazi.

"Geuza."

Niligeuza. Vidole vyake vilitembea kwenye kikwembe cha Masika, vikafika kwenye ubavu, vikafika kwenye tundu. Vikasimama. Akatafuta mukono wangu, akavuta kidole changu, akakikandamiza pale.

"Unasikia nini?"

"Tundu."

"Pembeni ya tundu."

Pembeni ya tundu kulikuwa na mushono wa Kavira. Mudogo, umebana, umenyooka kama ulichorwa. Kitambaa changu kilikuwa kimepasuka kuufuata, urefu wote ule. Wenyewe ulikuwa muzima kutoka mwanzo mpaka mwisho.

"Haikupasuka," alisema.

Nilitaka kumupiga. "Ulijua siku ile!"

"Nilijua tangu niliposhika beseni. Maji yaligeuka meupe kwa koli."

"Na ukamuangusha mutoto!"

"Nilingoja mutu aseme. Nilingoja siku ile mpaka watu wakatawanyika. Halafu nikangoja mwaka. Ulikuwa unapita na poro zako mbele ya mulango wangu, unaangalia upande mwingine."

"Ungemuambia wewe! Ulikuwa na kinywa!"

Alichukua kifungo, akakipapasa, akakirudisha mahali ambapo hakikuwa chake.

"Ningemuambia," alisema. "Kichwa changu nacho ni ngumu. Tulimuvuta, mimi na weye."

Kisha akaingiza mukono kifuani, akatoa kifuko cha kitambaa kimefungwa na uzi. Ndani mulikuwa na kashe. Mashini zilipotea, lakini ile alitoka nayo.

"Aje yeye na mikono yake. Nitapiga," alisema. "Lakini aje akijua. Asipojua, atashona maisha yote akiogopa."

Njia yote kutoka Munigi nilimutukana, kwa Kinande na kwa Kiswahili, mpaka mwenye moto akauliza kama ni yeye ninamusema.

Nilimukuta Kavira uani anakata mizizi ya poro.

"Kaa," nilimuambia.

"Koko, niko nafanya kazi."

"Kaa. Kile kikwembe cha mama yako, sikukifua. Nililowesha ukingo tu. Na siku ile niliposema ulivuta uzi, nilijua hukuvuta."

Hakulia. Ningependa angelia.

"Mama Monitrisi alijua?"

"Alijua."

"Na weye."

"Ndiyo."

Alikata poro nyingine, taratibu, akaiweka kwenye rundo. "Miaka mine, koko. Hata kifungo cha blauzi yangu nilikuwa nabebea jirani anishonee. Nilikuwa naogopa kushika sindano."

Alinawa mikono, akabeba gunia la blanketi. Niliinuka nimufuate. "Hapana," alisema. "Weye baki."

Breve alipata. Najua kwa jirani, maana mimi hakunionyesha. Sasa anafanya kazi pale kwenye atelieri, na jioni anaendelea hapa nyumbani, juu ya mashini ya mama yake. Sufuria aliishusha chini bila kuniuliza. Mutu akipita kwenye barabara yetu na kusikia mashini inayokwenda bila kusitasita, huyo ni mujukuu wangu. Nawaambia watu wote. Yeye ananisalimia asubuhi, ananiwekea chakula, ananiuliza kama dawa zangu nimekunywa. Mengine haniambii.

Juma lililopita blanketi ilirudi kwenye kitanda chake. Alipokwenda kazini niliigeuza. Kikwembe cha Masika kiko katikati, kimefuliwa mpaka kimekuwa laini, haking'ai tena. Ubavuni kuna kitambaa kingine, cha kijivu, kipya kwangu.

Vyangu nilivikuta juu ya matela yangu. Nusu mbili, zimekunjwa, zimepigwa feri, hata ile yenye tundu. Nilivibeba mpaka mulangoni penye mwanga, nikatafuta kosa. Alikuwa amefungua mushono uzi kwa uzi, na hakuna mahali sindano ilipopita palipopanuka, hakuna uzi uliovutwa. Alifundishwa vizuri.

Simupendi yule mama.